Dawa ya Baba

"Onja wewe kwanza," mshonaji alisema, kama alivyosema kila asubuhi.

Mama yake mdogo hakununa. Aliinua kikombe, akapiga mafunda mawili, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio. "Chungu kama shubiri. Haya, sijafa. Mpe baba yako."

Ilikuwa dawa ya majani yaliyokaushwa kivulini na mizizi iliyotwangwa, vikachemshwa pamoja mpaka maji yakawa meusi. Mama mdogo aliiuza sokoni kwa ajili ya wazee walioanza kupotewa na majina ya wajukuu zao, na wateja walimwita Mama Kumbukumbu. Lakini katika nyumba hii hakuwa amekanyaga tangu mshonaji akiwa mtoto wa shule ya msingi. Baba alimpiga marufuku. "Ndiye aliyemtia dada yake maneno," alikuwa akisema, na wanawe waliyameza hayo bila kutafuna.

Maana mama yao aliondoka. Walirudi kutoka shuleni siku moja wakakuta hayupo, kitanda kimetandikwa vizuri, na baba ameketi mlangoni, kichwa mikononi. Katoroka na mwanamume, aliwaambia. Mwanamume gani? Hapo baba alikabwa na kilio. "Msinitoneshe kidonda, wanangu."

Hawakumtonesha. Aliwapikia, akawafulia, akamsuka hata binti yake nywele kwa mikono ya uashi iliyokwaruza kama msasa. Hakuoa tena. Mtaa mzima ulimvulia kofia.

Mshonaji alikua na kinyongo chake, akakilea kama mtoto. Aliwashonea mabibi harusi magauni, huku moyoni akimshonea mama yake sanda. Alichokosa ni jina la yule mwanamume tu. Akilipata, angewafuata popote walipo, awavue nguo mbele ya majirani zao, nao waonje kidogo walichomwonjesha baba.

Na sasa baba alikuwa anasahau. Alianza na miwani, ikafuata njia ya kurudi nyumbani, mwishowe wajukuu. Daktari alimwambia mshonaji waziwazi kwamba hali itazidi tu. Jina lile lilikuwa linazama mbele ya macho yake. Ndipo alipomeza kiburi na kwenda sokoni.

"Nataka akumbuke," alimwambia mama mdogo. "Kuna mtu nataka kumkomoa."

Mama mdogo aliacha kutwanga. Alimtazama mpaka mshonaji akainamisha macho. "Kama ni kukomoa, mwanangu, tuko pamoja. Nitamtibu bure."

Hilo neno bure ndilo lililomkosesha mshonaji usingizi. Nani anamtibu bure mtu aliyemfukuza kama mbwa? Kwa hiyo kila kikombe kilionjwa kwanza, na mama mdogo alionja bila kulalamika.

Kama ni dawa au ni bahati, hakuna aliyejua, lakini baba alianza kurudi. Alimwita binti yake kwa jina. Aliuliza mwiko wake wa kazi uko wapi. Alisimulia habari za fundi mwenzake aliyejenga choo akasahau kuacha mlango, akacheka mpaka akapaliwa. Kumbukumbu zilirudi, ila haya haikurudi nazo; alitoboa siri za majirani dirishani, wenyewe wakipita, na mshonaji akawa na kazi ya kuomba radhi. Alimwomba radhi hata mama mdogo, kwa vile vikombe vyote.

"Usijali," mama mdogo alisema. "Mimi nataka apone kuliko wewe."

Jumapili mshonaji alimwita mdogo wake wa kiume. Walimkuta baba jikoni, amenyolewa ndevu, macho yake makavu na maangavu kama zamani. Mama mdogo alikuwa kando ya jiko, birika mkononi.

Mshonaji alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamshika mikono.

"Baba, nisamehe, nakutonesha leo tu. Niambie jina, mengine niachie mimi. Mama alikwenda na nani?"

Baba alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Kwenda wapi? Mama yenu hajatoka humu. Sakafu hii niliimwaga peke yangu, nyinyi mkiwa shuleni. Hebu ona ilivyonyooka."

Mshonaji alihisi baridi ya saruji ikimpanda kutoka magotini.

Mama mdogo akasogea, akamjazia mzee kikombe. "Kunywa, shemeji," alisema taratibu. "Endelea."