Mkono wa Mama Nelima

Mama Nelima alipoiona pikipiki ya Njau langoni, alitupa ufagio, akavuta leso hadi puani, akakimbilia nyuma ya nyumba. Kuku wawili wakamfuata wakidhani kuna mahindi.

Njau alizima injini. "Ngai," alisema, akimwita Mungu kwa Kikuyu. "Hata Jumapili?"

Zamani haikuwa hivi. Njau anafuga ng'ombe kule Gatuanyaga, na kila asubuhi huleta maziwa Mugutha kwa pikipiki. Mama Nelima alikuwa mteja wake mwenye kelele kuliko wote. Alikuwa akimshika mkono kwa mikono yake miwili, akiutikisa mpaka kofia ya Njau inahama kichwani, huku akimuuliza kama maziwa ya leo ni ya ng'ombe au ya mfereji.

Mambo yaliharibika siku Njau alipojikaza kiume akamwambia mzee Barasa, baba yake Nelima, kwamba anataka kumwoa binti yake. Tangu siku hiyo mama hajamgusa hata kidole. Sufuria ya maziwa huikuta imewekwa juu ya stuli, mlango umefungwa. Kanisani Ruiru, padri aliposema watu wapeane amani, Njau alinyoosha mkono. Mama aligeuka akampa amani mtoto mchanga aliyelala kwenye benchi la nyuma.

Nelima hakuambiwa haya. Anafanya kazi ya zamu kiwandani Thika, anarudi nyumbani Jumapili macho mekundu, na Njau angeanzaje kumsema mama mtu kwa bintiye? Alimwambia dada yake Kui peke yake, na Kui hana dawa ya kupoza maneno.

"Mtu akikupenda si anakusalimia? Huyo amekukataa, Njau. Tafuta mwingine. Wasichana hawajaisha."

Njau hakutaka mwingine. Alimtaka Nelima, yule anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Alimpenda mpaka chakula kikawa hakina ladha.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukata maneno. Barasa alikuwa amewaita wawili: Njau, na Absalom, mwalimu wa Thika, mtoto wa rafiki yake wa kwao Bungoma, ambaye naye alikuwa ametuma maneno ya kumposa Nelima. "Nelima ameshasema anayemtaka," Barasa alikuwa amemweleza Njau kwa simu. "Lakini bila baraka ya mama yake, hakuna harusi. Na mama si mtu wa kuhutubia. Nyinyi kujeni tu, mtamwelewa."

Absalom alifika na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Hapo Mama Nelima akatokea nyuma ya nyumba, uso wazi, kicheko tele. Alimwendea moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono miwili, akautikisa.

"Karibu, mwanangu! Mama hajambo? Mbona umekonda hivi?"

"Hajambo, Mama," Absalom alijibu, sauti ikimwishia njiani.

Mama akaondoka, akizunguka nyuma ya tangi la maji ili asipite karibu na kiti cha Njau. Absalom aliketi polepole, kama mtu aliyefika stesheni akaambiwa treni imeondoka. Njau alidhani ni furaha iliyomzidi, akamwonea wivu.

Chakula kikaja: ugali, kuku, mboga za kienyeji. Barasa alishukuru Mungu kwa wageni, akamwomba aitunze nyumba hii na zile zitakazotoka ndani yake. Wote wakasema amina. Mama alibaki jikoni. Kila Njau alipotupa jicho upande ule, pazia lilifungwa haraka. Nelima naye alipita na bakuli, tabasamu limejaa uso mzima, na Njau akaanza kukasirika. Anafurahia nini huyu, na mambo ndiyo haya?

"Kula, kijana," Barasa alimwambia. "Mbona mnanilazia kuku wangu?"

Kweli, hata Absalom alikuwa akimchokoachokoa tu yule kuku. Baadaye kidogo mwalimu akasimama, akasema ana madaftari ya kusahihisha, akaaga.

Njau naye akaona yatosha. Lakini alilelewa vizuri, na aliapa kwamba kama ni kushindwa, atashindwa kwa heshima. Alienda mpaka mlango wa jikoni, akavua kofia, akanyoosha mkono.

"Asante kwa chakula, Mama. Mungu akubariki."

Mama Nelima alipiga ukemi. Sinia lilianguka. Alitoka kwa mlango wa nyuma mbio, kandambili moja ikabaki ndani. Barasa alikohoa akatazama paa. Nelima aliziba mdomo, mabega yakitikisika, na Njau hakuweza kumwangalia. Alitoka nje machozi yakimchoma.

Alimkuta Absalom langoni, akihangaika na komeo.

"Hongera, mwalimu," Njau alisema, akimpa mkono. "Umtunze. Anapenda chai yenye tangawizi."

Absalom aliutazama ule mkono. "Unanicheka?"

"Nikucheke kwa nini? Si nimeona vile mama amekusalimia? Mimi ananikimbia kama chui."

Absalom alimkazia macho. Kisha, pamoja na uchungu wake wote, akaangua kicheko.

"Kumbe hata hujui! Bwana, kwetu Bungoma mama hashikani mkono na mkwe wake. Mkwe ndiye hukimbiwa."

Njau aligeuka. Nyuma ya tangi la maji ilionekana leso, na chini ya leso macho mawili yakimchungulia. Aliinua mkono kumpungia, akakumbuka, akautia mfukoni, akainamisha kichwa.