Sufuria Juu ya Antena

"Mama, nimejifungua..." Simu ikakatika.

Bibi akaitikisa kama chupa ya dawa. "Kajifungua nini? Mzee, antena yako ya simu ina nini leo?"

Babu alikuwa juu ya paa tayari. Antena ilikuwa kavu chini ya kifuniko alichokibuni mwenyewe ili isilowe mvua: sufuria kubwa ya bibi, ile ambayo babu mwenyewe alimwapia kwamba imeibwa na wapita njia. Sufuria nene namna ile, mawimbi yangepenya wapi?

Akaikumbatia, akaing'oa, masizi yakampaka hadi puani.

Papo hapo simu ikaita. Bibi akapokea, na uani kukajaa vilio viwili vya vichanga.

"Mapacha, Mama! Mwambie Baba!"

Babu akarusha mikono juu kwa shangwe. Yote miwili.

Sufuria ikabingirika juu ya mabati kwa kishindo, ikatua miguuni pa bibi.