Swichi ya Nyuma

Ngoitiko aliizungusha swichi ya AC mpaka mwisho, upande wenye alama nyekundu, akajikunja ndani ya shuka kusubiri joto. Nje, ukungu wa ukingo wa kreta ulikuwa umeziba kila kitu.

"Vipi huko nyuma, dokta?" Ally akauliza, macho barabarani.

"Subiri." Ngoitiko akainua viganja mbele ya tundu la hewa. "Eeh, inakuja. Inakuja, bwana. Aaah! Sasa hapa mtu unaishi."

Ally akakohoa. Akakohoa tena, mabega yakimtikisika.

Alikuwa ameshusha wageni wake hotelini na anarudi Karatu na gari tupu. Tangu mama yake aanze kuugua moyo, Ally hajawahi kumpita muuza dawa huyu barabarani bila kumpa lifti. Ngoitiko alikuwa ametoka kuuza dawa kwenye maboma ya huku juu. Boksi lake lilipanda asubuhi limejaa, sasa lilikuwa tupu. Bibi mmoja alimeza kidonge mbele yake, na maji hata hayajamshuka vizuri akasema kichwa kimeacha kuuma.

"Sasa imezidi," Ngoitiko akasema, akairudisha swichi nyuma kidogo. "Natoka jasho."

Hapo Ally alishindwa kujizuia. Akasimamisha gari pembeni, akalalia usukani akicheka mpaka akapiga honi kwa kipaji cha uso.

"Dokta, nisamehe. Hiyo swichi haina waya."

"Haina nini?"

"Waya. Niliukata mwenyewe mwaka jana. Nilibeba mtu na mkewe, huyu anataka baridi, huyu joto, ugomvi kutoka Arusha mpaka Serengeti. Nikaukata. Kuanzia siku hiyo kila mgeni anazungusha, anasema afadhali. Mmoja ameniandikia barua ya kunishukuru kwa AC!"

Ngoitiko aliiangalia swichi. Halafu kicheko kikamtoka, akapiga paja, machozi yakamtiririka.

"Mshenzi wewe! Umenipata! Na hakuna aliyewahi kushtuka?"

"Ashtuke vipi? Mkono uliozungusha ni wake."

"Mkono ni wake," Ngoitiko akarudia polepole. "Umenifurahisha sana, kijana."

Walipita geti la hifadhi, wakashuka, ukungu ukaisha. Mapaa ya kwanza ya Karatu yalipoonekana, Ally alikuwa ameacha kucheka.

"Dokta, mama bado ananitia wasiwasi. Miguu inazidi kuvimba. Jana alitaka kutoka nje, akaishia mlangoni, pumzi hana. Nikamwambia twende hospitali, hataki."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema nafuu. Kila akimeza vidonge vyako anasema nafuu. Anasema dokta Ngoitiko anamtosha."

"Anasema hivyo mwenyewe? Si wewe unamsemea?"

"Mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Basi, hospitali ya nini? Watamchosha bure kwa foleni. Tutaongeza dozi. Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Mungu akubariki, dokta." Ally akasimamisha gari mbele ya duka la Ngoitiko. "Nichukue sasa hivi?"

"Vimeisha kabatini. Nipe nusu saa."

"Nakusubiri hapahapa. Hata saa nzima."

Ngoitiko alipitia mlango wa nyuma, akaufunga kwa ndani, bado anacheka peke yake kwa ajili ya ile swichi. Akanawa mikono, akawasha jiko. Akachekecha unga wa muhogo kwenye beseni, akautia maji na rangi nyekundu kidogo, kisha akachukua kibao chake chenye vitundu na kuanza kushindilia vidonge, kimoja kimoja: viwili vya asubuhi, viwili vya jioni.