Rangi ya Kichupa

Samaki alikuwa juu kabisa ya maji, anahema kinywa wazi, na mzee akajua kwamba sasa lazima amwite mkewe.

Walikuwa wamenuniana wiki nzima. Siku zote mzee ndiye aliyechota maji ya chumvi kwenye tangi la samaki, akayatia kichupani na kudondoshea dawa ya kupimia asidi, na mkewe ndiye aliyesoma rangi. Wiki hii mzee alisoma mwenyewe. Kila asubuhi aliona kahawia, yaani asidi imezidi, na kila asubuhi akaongeza magadi ya kuipunguza.

"Mama watoto, hebu njoo uangalie hapa."

"Leo umekumbuka kuwa nipo," alisema mkewe, lakini alikuja. Alikiinua kichupa dirishani. Maji yalimtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, wala hakuyafuta.

"Hii ni zambarau, baba watoto. Tena iliyokolea. Umetia magadi?"

"Kidogo kidogo."

"Na maji yalikuwa mazima." Aliinama kumtazama samaki wake, aliyemlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Samaki alikuwa amelala ubavu. "Ungeniita tu. Ungeendelea kununa huku unaniita."

"Niliona kahawia," mzee alisema. "Haki ya Mungu, niliona kahawia."

Mkewe alinyanyuka, akamkazia macho. Hasira ilimtoka usoni polepole, ikaja hofu.

"Gauni langu hili," aliuliza kwa upole, "ni rangi gani?"

Mzee alilitazama gauni, kisha akamtazama mkewe usoni, akilitafuta jibu huko.