Tundu la Nne

Perusi alirudi kwa fundi viatu na mbwa wake kifuani, amemfunga kwa kanga kama mtoto. Mwezi uliopita, Perusi alipompata mbwa huyo, fundi huyohuyo alimtengenezea mkanda mrefu wa ngozi wa shingoni, akacheka: "Atanenepa huyu." Tangu hapo ameshautoboa matundu matatu, yote ya kubana. Daktari wa mifugo alishasema mbwa alizaliwa na ini bovu, halina dawa.

"Toboa lingine, fundi."

"Mama, mvue tu huo mkanda. Hana nguvu za kutoroka."

"Nikimvua atakuwa hana mwenyewe. Na mimi hivyohivyo. Toboa."

Msumari ukapenya ngozi ya mkanda, Perusi akamfunga tena shingoni. Ncha ya mkanda iliyobaki ikaning'inia, ikitikisika kila mbwa alipovuta pumzi. Perusi akaikazia macho, isije ikatulia.