Chambo cha Mwanga

Ambindwile alimchomoa kambale kwenye ndoano, akamrudisha majini.

Alikuwa kambale wa haja, mnene, wa kulisha nyumba nzima. Nelson, mwenye mtumbwi, alimwona akipiga mkia na kuzama. Huyo alikuwa wa pili tangu waingie ziwani.

"Siye," Ambindwile alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kulikuwa hakujapambazuka. Ziwa lile dogo limekaa ndani ya shimo la mlima, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Masukulu, na kuta za shimo hulizuia jua mpaka saa nne. Asubuhi maji huwa meusi tii, ukungu umeyalalia. Ndiyo maana walitumia vile visamaki vya plastiki ambavyo ukivilisha mwanga wa tochi vinawaka vyenyewe gizani, rangi ya kijani. Vilikuwa vinne kwenye kamba moja ndefu, kila kimoja na ndoano tatu. Nelson alipiga kafi taratibu, kamba ikiburuzwa nyuma ya mtumbwi. Ambindwile alikaa akitazama nyuma, macho kwenye zile taa nne zilizokuwa zikipita chini kwa chini.

"Moja ikizimika ghafla," Nelson alikuwa amemfundisha, "ujue kuna kitu kimeikinga. Uniambie nisimame."

Nelson uvuvi huo aliujua tangu alipokuwa Matema. Ambindwile hakuwa mvuvi. Alikuwa mkulima wa chai na migomba, na mpaka wiki ile hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Visamaki alivipata kwa Rajabu, muuza nyavu wa sokoni Tukuyu. Alipotia mkono mfukoni, Rajabu aliushika mkono wenyewe.

"Nenda navyo tu, mzee wangu. Vinawaka vizuri kwa dakika kumi, halafu vinafifia. Usichoke kuvimulika."

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Siku ya kwanza walikuja watu wa Mbeya na mashine yao, wakazunguka ziwa mpaka jioni, wakasema kina kimewashinda, wakafungasha. Tangu hapo walibaki wao wawili, alfajiri na magharibi, kwa kuwa mchana jua liliyafanya maji kuwa kioo na chini hakuonekani kitu.

"Baba Obed, pumzika kidogo. Nipe mimi hiyo kamba."

"Piga kafi, ndugu yangu. Atakuwa kule kwenye mawe."

"Kule tulipita jana."

"Tupite tena."

Taa zilipoanza kufifia, Ambindwile alivuta kamba ndani ili avimulike visamaki. Kwenye ndoano moja kulikuwa kumebaki kipande cha mdomo wa kambale. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa mfukoni tupa yake ya kunolea panga, akaanza kusugua ncha za ndoano, moja moja, zote kumi na mbili, mpaka zikapoteza makali.

"Zinachana," alisema.

Nelson akaangalia pembeni.

Kamba ikarudi majini. Kukaanza kuwa kijivu. Ng'ambo, ukingoni, moto mdogo ulikuwa unafuka moshi, na kando yake wanawake wanne watano walikuwa wamekaa chini, kanga kichwani. Kila mtumbwi uliposimama, mmoja wao aliinuka. Ulipoendelea, alikaa tena.

Walipita kwenye mawe mara moja. Wakageuza, wakapita mara ya pili. Ambindwile alikuwa ameomba siku tatu, na asubuhi hiyo hakujua tena aombe nini, kupata au kukosa.

Taa ya tatu ikazimika.

Kamba ilikaza, na Nelson akaweka kafi chini bila kuambiwa. Wakasubiri mapigo, ule mtikisiko wa kambale anapojitupa huku na huku. Hakuna kilichotikisika. Ambindwile akavuta kidogo, na kamba ikakubali, polepole, nzito kama gunia la majani ya chai lililolowa.

Kule ukingoni yule mwanamke aliinuka. Safari hii wenzake waliinuka naye, wakamshika mabega.

Ambindwile alivuta pima moja, akavuta ya pili. Chini kabisa ile taa ya kijani ilionekana tena, ikipanda, ikikua. Aliyafunga macho, akamnyooshea mwenzake kamba.

"Vuta wewe, Nelson," alisema. "Mimi ni baba yake."