Muhuri wa Muhogo

Barua ya Gavana ilipofika, kaka yake Shamte, aliyekuwa mwalimu, hakuifungua. Aliunusa muhuri tu, akaguna. Shamte akasimama wima kama yuko kwenye gwaridi la shule.

Barua ya kwanza Shamte aliitunga mwenyewe, likizo iliyopita. Ilimpa kaka ufadhili wa kusomea shahada ya pili ya utawala, Uingereza. Muhuri aliuchonga kwenye muhogo mbichi. Kijiji kizima cha Baleni kilisoma maulidi ya kumuaga, kikala pilau, kisha uongo ulipojulikana kikamcheka kaka mwezi mzima.

"Gavana wako leo katumia nta nyekundu," alisema kaka. "Umeendelea, bwana mdogo." Akaitupa kwenye moto wa kukaushia nazi za mbata.

Shamte alingoja mpaka nta ikayeyuka yote, ndipo akasema, kwa adabu zote za bweni:

"Kaka, mimi niliandika moja tu."